Nukta Moja Tu

Matokeo ya mitihani yanapotoka, vibanda vya stesheneri vya Temeke na Kinondoni hufurika watu. Wengi huandika neno moja tu, "necta", kwenye kisanduku cha anwani, wakiamini kwamba wamebisha hodi Baraza la Mitihani lenyewe. Hawajabisha, wameuliza njia.

Zamani visanduku vilikuwa viwili, cha anwani na cha kutafutia. Google ilipotoa Chrome mwaka 2008, iliviunganisha. Tangu hapo programu hukisia: neno tupu, au maneno yenye nafasi kati yake, hupelekwa kwenye mtambo wa kutafuta, andiko lenye nukta na mwisho unaojulikana, kama necta.go.tz, hufungua mlango moja kwa moja.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtambo wa kutafuta hukupa orodha, na humo yumo aliyelipia tangazo, na pengine tapeli. Lakini mwisho wa .go.tz umetengewa taasisi za serikali. Kwa hiyo nasema, kabla ya kulipa kodi au kuomba kazi, tazama kwanza jina la tovuti linaishiaje.

Kuuliza si ujinga, ila ujue unamwuliza nani.