Uliza Kilichomo: Cannoli za Kujipikia Nyumbani



Ndugu msomaji, leo sikuja na mada nzito. Nimekuja na kitamutamu. Lakini ndani yake mna swali ambalo sisi vijana twaona haya kuliuliza: hiki kimetiwa nini?

Sisi wa Malindi tumekua na Wataliano, vyakula vyao twavijua kwa majina tangu utotoni. Siku moja mimi na wenzangu tuliona cannoli kwenye kioo cha duka: vibomba vya unga vilivyokaangwa, ndani vimejazwa jibini laini lenye sukari. Wenzangu wakasema, "Tununue bwana!" Nikamuuliza muuzaji, kwa aibu kidogo. Naye, kwa uungwana wake, akatwambia kweli: unga umekandwa kwa mafuta ya nguruwe na mvinyo. Wala hakukosea. Ndivyo zipikwavyo kwa asili huko kwao Sicily, na mvinyo wenyewe ni ule wa Marsala.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mwaka 827 Waislamu kutoka Tunisia ya leo walishuka Sicily, mwaka 831 wakauchukua mji wa Palermo, na ngome yao ya mwisho haikuanguka mpaka 1091. Ni wao waliopanda miwa na malimau kisiwani humo. Hata neno la Kitaliano la sukari, zucchero, latokana na Kiarabu sukkar, kama hili letu. Wapo wasemao ati cannoli zilibuniwa na wanawake wa amiri wa Kiislamu katika mji wa Caltanissetta. Hiyo ni hekaya, ushahidi hauna, na tusijisifu kwa tusichoweza kukithibitisha. Lakini sukari iliyomo, hiyo ina historia.

Basi tujiulize: nguruwe na mvinyo vyafanya kazi gani mle? Mafuta huufanya unga uwe mkavu wa kuvunjika. Uchachu wa mvinyo huufanya usukumike vizuri na kutoa malengelenge ukikaangwa. Kazi hizo mbili siagi na siki vyaziweza.

Anza na jibini, usiku baada ya tarawehe. Pasha lita 2 za maziwa yasiyotolewa malai. Yakikaribia kufoka zima moto, tia vijiko 4 vya chakula vya siki nyeupe au maji ya ndimu, koroga mara moja tu, acha dakika 10. Yatakatika. Chuja kwa kitambaa safi, acha yachuruzike kwenye friji mpaka daku. Sicily hutumia ricotta ya maziwa ya kondoo. Hii yetu ni badala yake. Pitisha jibini kwenye chujio lilainike, changanya na gramu 100 za sukari ya unga, maganda ya chungwa yaliyoparwa na korosho zilizokatwakatwa.

Unga: gramu 200 za ngano, kijiko 1 cha chakula cha sukari, nusu kijiko cha chai cha mdalasini, chumvi kidogo. Fikicha na gramu 25 za siagi. Tia kiini cha yai 1, kijiko 1 cha chakula cha siki, na maji kidogo kidogo, vijiko 4 hivi, upate donge gumu kuliko la chapati. Funika saa nzima. Kisha sukuma iwe nyembamba kama manda ya sambusa, ukate miduara ya sentimita 10.

Cannolo maana yake ni kijitete, kwa kuwa zamani walizungushia unga kwenye vipande vya matete. Wewe tumia mwanzi mkavu, safi, uliotoboka pande zote mbili, unene wa kidole gumba. Upake mafuta, zungushia mduara, gundisha ncha kwa ute wa yai. Kaanga kwenye mafuta mengi, moto wa kiasi, dakika 1 au 2 mpaka iwe ya hudhurungi. Ikipoa kidogo ichomoe.

Na tafadhali, usiijaze mapema! Ukijaza alasiri, ikifika magharibi imelegea. Swali kwanza, kisha jaza, mle papo hapo.

Kaka zangu, nanyi ingieni jikoni. Kukanda unga si kazi ya mama na dada peke yao. Nao wamefunga vilevile.

Siku ile dukani aibu yangu ilikuwa ya dakika moja. Lau ningenyamaza, ningekula nisichokijua, na wenzangu pia. Kwa hiyo uliza, kwa adabu. Ukiambiwa haifai, usinung'unike. Rudi nyumbani, washa jiko.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.