Mtoto Akihema kwa Shida, Usidai Dripu
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kariakoo)

Hapa mtaani mtoto akizidiwa na homa, utasikia: "Akatundikiwe maji!" Kwani maji yana ubaya gani?

Sikilizeni. Kati ya 2009 na 2011, watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walifanyiwa utafiti katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza. Katika kila 100 waliomiminiwa dripu nyingi kwa haraka, karibu 11 walikufa ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa hivyo, 7. Madaktari wengi walishangaa!

Na mapafu yakiumia, tuseme kwa nimonia kali, ni kama chujio lililotoboka: maji yakizidi mwilini huvujia humo, hewa ikakosa nafasi.

Basi, mdogo wako akihema haraka, au kifua kikibonyea kila akivuta pumzi, msizunguke maduka ya dawa. Mkimbizeni hospitali, daktari ndiye apime kiasi cha maji.

Ila kuharisha ni habari nyingine: hapo mpe ORS mapema, kidogo kidogo. Mwambieni na mama nyumbani!