DALILI ZA UPUNGUFU WA VITAMINI D NA MATEGE YA WATOTO
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka

Wazee wetu wa heshima, akina mama, na ndugu wanachama wa Busia na Malaba,

Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya afya, nasi tumechagua jambo ambalo mara nyingi huletwa mbele ya wazee kabla ya kufikishwa hospitali: mtoto aliyechelewa kutembea, au aliyepinda miguu. Hapo maneno huwa mengi. Wengine husema mtoto amerogwa. Wengine humlaumu mama yake, hata ndoa ikaingia mashakani. Kumbe huenda mtoto huyo ana maradhi ya mifupa, nayo yanatibika.

Mfupa hupata ugumu wake kwa madini yaitwayo kalsiamu. Mwili hauwezi kuyachukua vyema madini hayo kutoka katika chakula pasipo vitamini D, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi yenyewe inapopigwa na jua. Zamani maradhi haya yaliwasumbua sana watoto wa miji ya Ulaya yenye moshi na mawingu. Mwaka 1919 Daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin alionyesha kwamba yaweza kuponywa kwa taa yenye miali kama ya jua.

Mtauliza: sisi tunaokaa karibu na ikweta, jua likiwaka mwaka mzima, tutapungukiwaje? Swali hilo ni la haki. Addis Ababa nako jua si haba, lakini mwaka 1997 madaktari wa huko walieleza kwamba watoto waliougua nimonia walionekana na matege mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Jua lililo nje halimfai mtoto aliye ndani. Hapa mpakani wazazi wengi wamepanga vyumba. Mama huenda sokoni, au huuza chakula kando ya foleni ya malori, na mtoto huachwa ndani mlango umefungwa, kwa hofu ya magari. Atolewapo, hufunikwa blanketi gubigubi. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote, lakini yana vitamini D kidogo. Na ngozi nyeusi yahitaji jua kwa muda mrefu kuliko nyeupe.

Sababu ya pili ni chakula. Huko Nigeria, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege walipona vyema zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Basi mtoto alelewaye kwa uji wa mahindi au muhogo mtupu hupungukiwa, na ilhali wimbi tunalima wenyewe, na omena wa ziwa letu, aliwaye pamoja na mifupa yake, yuko sokoni.

Dalili za kuangalia kwa mtoto ni hizi:

1. Utosi kuchelewa kufunga, na meno kuchelewa kuota.
2. Kuchelewa kukaa, kusimama na kutembea, na mwili kulegea.
3. Vifundo vya mikono na vya miguu kuwa vinene.
4. Vinundu mbavuni, vimepangana kama shanga.
5. Miguu kupinda, au magoti kugongana.
6. Kuugua kifua mara kwa mara. Akishikwa na degedege, apelekwe hospitali saa ile ile, kwa kuwa malaria nayo huileta.

Hatusemi kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Watoto wengi huwa na matege kidogo hata kufikia miaka miwili, kisha hunyooka wenyewe. Lakini yakizidi baada ya umri huo, au mguu mmoja ukipinda kuliko wa pili, au mtoto akilia kwa maumivu, asingojewe.

Watu wazima nao huumwa mifupa ya kiuno na mapaja, na huona taabu kuinuka kitini. Maumivu hayo yana sababu nyingi. Daktari ndiye wa kupima na kuamua. Tena msichana asiyetibiwa utotoni aweza kukua na nyonga zilizobana, na kuzaa kukawa hatari kwake.

Twashauri basi: mtoto atolewe nje kila siku, mikono na miguu wazi, bila kuunguzwa na jua kali la adhuhuri, uji uwe wa wimbi, na omena wasiadimike, asifungwe miguu kwa vijiti wala kuchanjwa chale, wala dawa ya vitamini isinunuliwe dukani kwa kukisia, maana ikizidi hudhuru. Apelekwe kliniki ya watoto, au hospitali ya Busia.

Nanyi wazee, twawaomba neno moja. Mkiletewa shauri la mtoto asiyetembea, hukumu yenu ya kwanza iwe kumpeleka kwa daktari, na mama yake asilaumiwe. Miguu ya mtoto mdogo yaweza kunyooka akitibiwa mapema. Akikwisha kukua, huenda ikabaki hivyo, au ikahitaji kupasuliwa. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.