Kutafuta Wakili wa Kesi ya Ulemavu: Mteja Ni Nani?



Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu wake. Hata hivyo, haki hizo huponyoka mapema, kabla kesi haijasikilizwa.

Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Zikipita, huanza kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini amechelewa. Kwa hiyo barua ya kuachishwa kazi ikifika, wakili atafutwe wiki hiyohiyo. Kikao cha familia kitafuata.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kiziwi anaingia ofisini kwa wakili akiwa na kaka yake. Wakili anamsalimu kaka, anamuuliza kaka, anaandika majibu ya kaka, na mwisho anamwelekeza mwenye kesi mahali pa kusaini. Huyo wakili amechukua maelekezo kwa mtu asiye mteja wake. Wakati mwingine ndugu huyo ana masilahi yake, hasa kesi inapohusu kiwanja cha urithi au fidia. Mteja ana haki ya kusema faragha na wakili wake, kupitia mkalimani wa lugha ya alama asiye na upande katika shauri. Asiyeona asomewe hati nzima, neno kwa neno, kabla hajaweka sahihi au dole gumba. Mwenye ulemavu wa akili aelezwe kwa lugha nyepesi, apewe muda, aulizwe tena. Yote haya yanawezekana, na wakili anayeyaona ni usumbufu hafai kupewa kesi hii, hata akiwa na jina kubwa mjini.

Mjaribuni wakili kwa maswali haya kabla ya kumlipa. Atampata wapi mkalimani, na nani atamlipa? Ofisi yake iko ghorofa ya ngapi, na kama hakuna lifti, yuko tayari kukutana na mteja chini? Ada ni kiasi gani, na je, gharama za mahakama zimo humo? Makubaliano yaandikwe, na kila malipo yatolewe stakabadhi. Vishoka ni wengi karibu na mahakama zetu. Jina la wakili wa kweli huonekana katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Asiye na uwezo wa kulipa aulize kuhusu Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017. Msaidizi wa kisheria wa wilayani atamshauri na kumwelekeza bila malipo, ingawa hawezi kusimama mahakamani kama wakili.

Ombi langu kwa vyama vya watu wenye ulemavu: kila tawi liandae orodha ya mawakili wa wilaya yake. Mbele ya kila jina iandikwe kama kiti cha magurudumu kinaingia ofisini, kama anafanya kazi na wakalimani, na wanachama waliowahi kuwakilishwa naye wanasemaje kumhusu.