Nani Anakungoja Asubuhi? Vijana wa Donholm na Maana ya Maisha Katika Enzi ya Mitandao

(Mada kwa semina ya vijana, wazazi na kamati za wakazi)

Mwaka 2023 Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford ilipima matumizi ya mitandao katika masoko 46 duniani, na Kenya ikaongoza kwa TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa walikuwa wakiitumia, na asilimia 29 walikuwa wakipata habari humo. Mkazi wa Donholm, mtaa wa Nairobi, hakuhitaji ripoti kuyajua hayo. Jioni, magari yanaposongamana barabara ya Outer Ring, juu ya kivuko cha waenda kwa miguu kijana mmoja anacheza, mwenzake ameshika simu, wa tatu anangoja zamu. Hatua zilezile hurudiwa mara nne, mara tano, mpaka video itoke safi. Wapitao wameshazoea. Huinama kidogo wasiharibu picha, kisha hushuka kuelekea Savannah au Greenfields.

Wazee wengi huuita upuuzi. Mada hii haikubaliani nao.

Kijana aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita, anayezunguka na vyeti kutoka Industrial Area hadi mjini bila kupata kazi, ana shida kubwa kuliko ukosefu wa pesa. Asubuhi hakuna anayemngoja. Asipotokea popote, hakuna shughuli itakayokwama. Simu humpa jibu ndani ya dakika moja: watu kumi wamependa, mmoja ameandika neno. Ni jibu dogo, lakini ni jibu, na hapo mtaani hajalipata kwa mtu mwingine.

Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1946. Aliona kwamba maana ya maisha haipatikani kwa kujichungulia. Huja kupitia kazi inayomsubiri mtu, mtu anayempenda, au namna anavyoyabeba mateso asiyoweza kuyaepuka. John Mbiti, mwanateolojia mzaliwa wa Kitui, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1969, alipoeleza kwamba kwa Mwafrika mtu hukamilika ndani ya watu wake. Sasa, watu wa kijana wa Donholm ni akina nani? Mtaa huu ulikuwa shamba la mlowezi, kisha ukajaa familia kutoka kila pembe ya nchi. Nyanya na babu wamebaki ushago. Majirani wako nyuma ya mageti. Yule mzee wa kumsimamisha kijana njiani na kumuuliza ni mtoto wa nani ni nadra kuonekana.

Mitandao imeijaza nafasi hiyo kwa kasi yake yenyewe. Aprili 2020, nchi ikiwa chini ya kafyu ya Korona, Azziad Nasenya alicheza wimbo wa Femi One na Mejja, Utawezana, na ndani ya siku chache nchi nzima ilimjua. Pongezi zilikuja pamoja na matusi, na yeye akajijengea kazi kutokana na hayo. Waliocheza wimbo uleule bila kutazamwa ni wengi mno, na kwao kimya kile kilikuwa kama hukumu. Haikuwa hukumu ya mtu yeyote. Programu huangalia zaidi macho yamekaa wapi kwa muda gani, na haijui anayecheza ni nani wala kama amekula.

Kuna Wanairobi wanaojua zaidi ya wote kilichomo ndani ya mitandao hiyo. Katika ofisi za kampuni ya Sama hapa jijini, vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika walikuwa wakichuja machapisho ya Facebook: mauaji, ubakaji, watu wakijidhuru, zamu baada ya zamu, ili mtazamaji wa nyumbani asiyaone. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliishtaki Sama pamoja na Meta, mmiliki wa Facebook. Machi mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 walienda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Daktari Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta aliwapima na kukuta zaidi ya 140 wana majeraha makubwa ya kiakili. Inafaa semina hii iwakumbuke kwa jambo lingine pia. Mei Mosi 2023, zaidi ya 150 kati ya watu wa kazi hiyo walikutana Nairobi na kupiga kura kuunda chama chao. Walikuwa wameumizwa na kioo, kila mmoja peke yake. Waliketi chumba kimoja na kupata wa kuwatetea na wa kutetewa nao.

Hata simu ileile inaweza kumtoa mtu chumbani na kumkutanisha na wenzake. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu mitandaoni, wakautafsiri, wakaandamana kuupinga, wakachangia gharama za hospitali za majeruhi. Wengi waliuawa katika maandamano hayo. Mswada uliondolewa tarehe 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa. Aliyeshiriki alijua kwamba mwenzake anamtegemea.

Mtaani jambo hili lina sura ya kawaida kabisa. Tazama kundi la WhatsApp la wakazi wa geti moja. Asubuhi mtu anatangaza maji yamefika. Mchana mtu anaulizia fundi wa stima. Jioni kuna msiba, na orodha ya mchango inaanza: namba moja, jina, shilingi 500. Namba mbili, jina, shilingi 200. Kila mmoja anainakili na kuongeza jina lake chini. Mtu lazima aitunze orodha hiyo, alinganishe na ujumbe wa M-Pesa, ampigie aliyesahau. Mpe kazi hiyo kijana wa miaka 22 mwenye vidole vyepesi, na baada ya mwezi kina mama watakuwa wakimuulizia kwa jina. Ana watu wanaomngoja.

Kwa hiyo mzazi asianze kwa kunyang'anya simu. Aulize kwanza nyumba hii, kanisa hili, msikiti huu, chama hiki kimempa mtoto wake kazi gani ambayo asipoifanya italala. Kamati za wakazi ziwape walio chini ya miaka 25 viti na zamu halisi: hesabu za maji, usalama wa geti, masomo ya watoto wakati wa likizo.

Na kwa yule ambaye maisha yamemwishia ladha kabisa, Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Anayetaka kuzungumza na mtu anaweza kupiga 1199, namba ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo. Washiriki wa semina hii wanaombwa waibandike namba hiyo kwenye kila geti la Donholm kabla ya Jumapili.