Tucheke pamoja, tusichekane

Mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa uwanjani wa shirika la kienyeji mbele ya vijana, walimu na watangazaji wa redio waliokutana Salamabila, teritori ya Kabambare, kutayarisha michezo ya kuchekesha kwa ajili ya amani.



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya mtu anayetunga vichekesho vya televisheni na filamu. Wengine mlicheka mliposikia habari hiyo. Mlisema: hapa kwetu umeme ni wa jenereta, televisheni ni ya yule mwenye chumba cha video, filamu tutaitoa wapi? Ninyi mna haki. Lakini mwezi ujao tutacheza sokoni, na mchezo wetu utasikika redioni. Mbele yetu watakaa wapedeje wa mashimo, wachimbaji, wamama wanaotwanga mawe ya dhahabu, na wakulima ambao mashamba yao yamechimbwa. Kwa hiyo tunahitaji kujua mtungaji wa kichekesho anafanya kazi gani hasa.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu hapa hatukuja kufundishana kwa kiburi.

Mchezo wetu wa kwanza niliuandika mimi. Niliuandika kwa siku mbili, peke yangu, juu ya meza, kwa Kiswahili cha shule na Kifaransa kidogo. Ndani yake alikuwamo mkulima aliyekuja mjini kudai fidia ya shamba lake. Nilimfanya mjinga. Nilimpa matamshi ya watu wa upande mmoja, mnajua upande gani. Alipofungua kinywa tu, watu walianguka kwa kicheko. Mimi nilikaa nyuma nikifurahi, nikijiambia kwamba kazi imefaulu. Siku ya pili tulikuwa na kikao cha mapatano. Upande ule haukuja, hata mtu mmoja. Nilimfuata mzee wao nyumbani kwake. Alinipa kiti, akanipa maji, kisha akaniambia: «Mwanangu, mulitucheka. Hamukucheka na sisi.»

Neno hilo limekaa ndani yangu. Ndilo lililonifanya nirudi kutafuta jinsi waliotutangulia walivyofanya kazi hii. Na hapo nikakumbuka jina nililolisikia mara nyingi nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi: Mufwankolo.

Wazee wengine hapa wanamjua. Mufwankolo ni jina la jukwaani la mchekeshaji wa Lubumbashi, na kundi lake likaitwa kwa jina hilohilo, Groupe Mufwankolo. Mizizi ya kundi hilo inarudi nyuma hadi miaka ya 1950, wakati mji ule ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Mji ukabadilishwa jina mwaka 1966, nchi ikaitwa Zaire mwaka 1971, jimbo la Katanga likaitwa Shaba, na mwaka 1997 majina yakabadilika tena. Katika mabadiliko hayo watu waliendelea kumsikia Mufwankolo na wenzake redioni, na baadaye wakawaona kwenye televisheni. Michezo yao ilihusu mambo ya nyumbani na ya kazini: mume na mke, ulevi, deni, wageni wasiotaka kuondoka, mkubwa anayejidai.

Mambo mawili katika kazi yake yanatuhusu moja kwa moja.

La kwanza ni lugha. Nyakati zile ofisi zilisema Kifaransa, na shule pia. Mufwankolo alicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha soko na cha kambi za wafanyakazi wa migodi, chenye Kiluba ndani yake na Kifaransa kilichopindwa. Watu waliotoka makabila mengi walikutana katika lugha hiyo. Hakuna aliyeweza kusema kwamba ni lugha ya fulani peke yake. Nasi tunacho Kiswahili chetu cha Maniema, cha Kasongo na Kabambare. Mimi nilikiacha mezani nikaandika kama mwalimu wa darasa la sita, kisha nikachukua matamshi ya upande mmoja kuwa kitu cha kuchekwa. Kosa juu ya kosa.

La pili ni namna ya kutunga. Tukisema mtungaji wa filamu, tunawaza mtu mwenye kalamu anayeandika kila neno, na wachezaji wanakariri. Kundi la Mufwankolo halikufanya hivyo. Walikaa pamoja wakajadili jambo lenyewe. Walipatana juu ya mfuatano: nani anaingia kwanza, ugomvi unaanzia wapi, unakwisha vipi. Halafu kila mchezaji alitafuta maneno yake mwenyewe wakati wa kucheza. Mifupa ilikuwa ya wote, nyama kila mmoja alileta yake.

Tunajua habari hizi vizuri kwa sababu ya jambo lililotokea mwaka 1986. Mtaalamu mmoja wa mila na tamaduni, Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa profesa Amsterdam na aliyekuwa amefanya utafiti Shaba tangu miaka ya 1960, alirudi Lubumbashi. Alikaribishwa chakula, akapewa firigisi ya kuku. Ninyi mnajua firigisi hapewi kila mtu. Hapo akasikia methali ambayo hakuwa ameijua, iliyosemwa kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier. Maana yake, madaraka huliwa mazima. Firigisi haikatwi vipande.

Fabian akawauliza watu maana yake. Alipowauliza Mufwankolo na wenzake, hawakumpa jibu la haraka. Waliamua kuifanyia mchezo. Wakajadili, wakafanya mazoezi, kisha wakaucheza mbele ya kamera za televisheni: kijiji, chifu wake, washauri wake, na watu wanaobishana juu ya heshima na utaratibu. Fabian alirekodi mazungumzo yao na mazoezi yao, akayaandika neno kwa neno kwa Kiswahili pamoja na tafsiri. Kitabu kilitoka mwaka 1990, kwa jina la Power and Performance. Fikirini jambo hili, ndugu zangu: kwetu sisi maandishi hutangulia mchezo, lakini kwao mchezo ulitangulia na maandishi yakafuata.

Sasa tujiulize: kwa nini methali ile ilihitaji mchezo mzima?

Kwa sababu haina maana moja. Mmoja anaisikia akasema: mkubwa ni mmoja, asishirikiane na mtu. Mwingine anaisikia akasema: ukikubali kuwa mkubwa, ukubali yote, utamu na uchungu, usile nyama ukawaachia wengine mifupa. Na wa tatu anakaa kimya, kwa sababu yeye hajawahi kuonja hata mchuzi. Na hayo yalikuwa mwaka 1986, wakati Mobutu alikuwa na miaka zaidi ya 20 madarakani na chama kilikuwa kimoja tu, MPR. Nani angesimama kwenye televisheni ya serikali akatoa hotuba juu ya madaraka? Lakini chifu wa kijiji, katika mchezo wa kuchekesha, anaweza kuulizwa maswali. Mtazamaji yuko nyumbani kwake. Anacheka. Baada ya kucheka anafikiri, na hakuna anayeweza kumkamata kwa sababu ya kufikiri.

Hapa Salamabila methali ile ina jina lingine: dhahabu. Kampuni ya Banro ilisimamisha kazi katika mgodi wa Namoya mwaka 2019 kwa sababu ya usalama, baada ya miaka ya mashambulizi na ya watu kutekwa njiani. Sote tuliokuwa hapa tunakumbuka. Kila upande una hesabu yake ya nani alikula na nani alinyimwa. Mkulima anasema shamba limekwenda. Mchimbaji anasema baba yake alichimba hapo kabla ya kampuni. Pedeje anasema ametoa mtaji na shimo halikuzaa. Mama anayetwanga mawe anasema yeye hahesabiwi katika kikao chochote. Firigisi ni moja, mikono ni mingi. Je, mchezo wetu utaiongeza mikono hiyo visu, au utawakalisha watu wote kwenye sinia moja wazungumze?

Nisiwafiche: njia ya Mufwankolo siyo ya pekee. Jirani zetu wa Burundi walipita katika vita vibaya, na huko mwandishi Marie-Louise Sibazuri alifanya kazi kwa kalamu. Kwa ajili ya Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995, alitunga mchezo mrefu wa redio unaoitwa Umubanyi niwe umuryango, yaani jirani ndiye ndugu. Ni habari ya familia mbili, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, zinazokaa jirani. Watu walimsikiliza jirani akiazima chumvi, akikasirika, akisamehe, kipindi baada ya kipindi. Kwa redio, ambayo haina uso wala mkono wa kuonyesha, maandishi yanasaidia sana. Basi sisi tutatumia njia zote mbili: sokoni tutacheza kwa mifupa tuliyopatana, na kwa redio tutayaandika yale maneno mazuri ambayo wachezaji wenyewe wameyapata sokoni.

Wengine mmeniuliza swali la haki: je, kazi hii inalisha? Wote hapa mmemwona Mzee Majuto katika diski zinazotoka Tanzania. Jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, alizaliwa mwaka 1948 na alikuwa mtu wa Tanga. Aliigiza miaka mingi sana, na filamu zake zilivuka Ziwa Tanganyika kabla ya wengi wetu kuvuka. Alifariki Agosti 2018, na katika ugonjwa wake watu wa Tanzania walizungumza kwa uchungu juu ya mikataba ya wasanii: uso unajulikana nchi nne, na mfuko hauna kitu. Kwa hiyo ninawaambia vijana, mkipenda kazi hii ifanyeni, lakini kila mnachopatana juu ya malipo kiandikwe, hata kama ni na sisi wa shirika. Shirika linalohubiri haki likawachezesha vijana bure kila wiki, nalo linakula firigisi nzima.

Sasa nimalizie na mambo tutakayoyafuata katika siku hizi tatu.

Kwanza, hakuna mtu mmoja atakayeandika mchezo peke yake, na mimi wa kwanza nanyang'anywa kalamu. Tutakaa kwa duara. Katika kila duara awemo mkulima, mchimbaji, mama anayetwanga, na mtu wa familia ya pedeje. Tutapatana juu ya mifupa.

Pili, kila mtu atacheza upande wake katika zoezi la kwanza, kisha atacheza upande wa pili. Mchimbaji avae jembe, mkulima ashuke shimoni. Akikosea, mwenye upande huo atamsahihisha: «Hapana, sisi hatusemi hivyo, tunasema hivi.» Hapo ndipo kicheko kizuri huzaliwa.

Tatu, tuulize juu ya kila kichekesho: anayechekwa ni nani? Kama ni mwenye nguvu anayejivuna, na yeye mwenyewe anaweza kucheka akiwa amekaa hapo, vizuri. Kama ni tabia yetu sote, vizuri zaidi. Kama ni kabila la mtu, matamshi ya mtu, kilema cha mtu au mjane, tunakifuta hata kama kinachekesha kuliko vyote.

Nne, hatutatoa hukumu mwishoni. Mufwankolo na wenzake waliuchukua msemo mmoja wakaufungua mbele ya watu. Sisi tutasimamisha mchezo pale ugomvi unapofika kooni, kisha tutawauliza waliokaa: je, sasa wafanye nini? Anayejibu asimame, aingie ndani ya mchezo, aonyeshe.

Juma lililopita nilirudi kwa yule mzee. Nilimwomba msamaha, nikamwomba aje kutusaidia kutengeneza upya mkulima wetu. Alinyamaza kitambo. Halafu akauliza: «Na mimi nitakuwa nani katika mchezo huo?» Nikamwambia achague mwenyewe. Alisema anataka kuwa pedeje, tena pedeje mwenye tumbo kubwa na simu tatu.

Mzee yuko hapa leo, amekaa pale karibu na mlango. Mto wa kuweka tumboni tumeshaupata. Simu mbili tunazo, na mwenye kutuazima ya tatu ainue mkono.

 Tuanze kazi.