Kabla Hujanunua Gari Lenye Giaboksi Mbovu

Umeonyeshwa Nissan X-Trail ya mwaka 2008, bodi safi, bei ya kutupa. Dalali anakwambia giaboksi inasumbua kidogo, ukibadilisha oili itatulia. Usikubali haraka. X-Trail nyingi za toleo hilo hutumia giaboksi ya CVT: badala ya kubadilisha gia za meno, mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili. Mkanda ukishakwangua puli, oili mpya hairudishi chuma kilicholika.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Gari liwashwe likiwa baridi, liendeshwe hadi lipate moto, kisha lipandishwe mlima. Likitetemeka, likivuma au kuchelewa kuvuta, kuna kasoro. Oili ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na ina chenga za chuma, weka hesabu ya giaboksi nzima.

Ulizia bei ya giaboksi, ufundi na oili maalumu ya CVT. Oili ya kawaida ya giaboksi ya otomatiki itaiharibu. Jumla ikikaribia bei ya gari zima la aina hiyo, achana nalo. Na kama pesa ya matengenezo huna mkononi leo, tafadhali usitoe hata advansi.